Mara inajua kuweka akiba, sasa ijifunze kuiacha ikue

Mkoani Mara fedha huja kwa misimu. Musoma, wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa kiza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi hulala ufukweni na kipato husimama hadi kiza kirudi. Bunda, mkulima aliyepanda pamba Novemba huanza kuiona fedha yake mwaka unaofuata, ununuzi unapofunguliwa na mizani za vyama vya ushirika vya mazao (AMCOS) kuanza kazi. Butiama, mfugaji huuza ng'ombe ada ya shule inapofika. Mstaafu naye hupokea mafao ya mkupuo mara moja tu maishani.

Anayedhani watu hawa hawajui kuweka akiba hajawahi kukaa kwenye kikoba. Sanduku la chuma huletwa likiwa na kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wafike. Kila mmoja hununua hisa mbele ya wenzake, kitabu chake kinagongwa muhuri, mchango wa mfuko wa jamii unawekwa pembeni, ndipo maombi ya mikopo yanapojadiliwa. Mchelewaji hupigwa faini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi chini ya usimamizi rasmi.

Kasoro inakuja mwisho wa mzunguko. Vikundi vingi huvunja kikoba Desemba, wanachama wanagawana hisa na faida, na fedha inaishia kwenye sikukuu, sare za shule na madeni ya dukani. Januari kila mtu anaanza upya. Nidhamu ipo, kinachokosekana ni muda.

Hesabu inaonyesha gharama yake. Mama lishe wa Nyasho, Musoma, anayetenga Sh50,000 kila mwezi, kwa faida ya mfano ya asilimia 10 kwa mwaka inayolimbikizwa, atakuwa ametoa Sh6 milioni baada ya miaka 10 na kukuta takriban Sh10.2 milioni. Akiendelea hadi miaka 20 atakuwa ametoa Sh12 milioni, na mfukoni ana karibu Sh38 milioni. Miaka 10 ya pili, kwa mchango uleule, imemwongezea karibu Sh28 milioni, kwa sababu faida nayo imezaa faida. Anayevunja kila Desemba haufikii mwaka huo wa 20 hata mara moja.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwekezaji ni fedha hii itahitajika lini. Ya kuvukia mbalamwezi au ya mbolea ibaki kwenye kikoba, SACCOS au simu. Ya miaka mitano na kuendelea ina milango mingine, na leo mingi inafikika kutoka Musoma na Bunda kupitia matawi ya benki na simu ya mkononi.

Milango hiyo ni michanga. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililoasisiwa na mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, liliwakataza viongozi kumiliki hisa katika kampuni. Sharti hilo lililegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza mauzo Aprili 1998. Taasisi ya uwekezaji wa pamoja, UTT, iliundwa mwaka 2003 ili wananchi wa kipato cha kawaida nao wawe na sehemu katika uchumi, na Mfuko wa Umoja ukafuata mwaka 2005. Kizazi cha wazee wetu hakikurithi desturi hii, hivyo si aibu kuanza kuisoma ukiwa na miaka 50.

Kijana wa miaka 25 ana mtaji ambao mzee hana, nao ni muda wa kungoja bei inapopanda na kushuka. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa Sh150. Miaka 10 baadaye zilikuwa zimeporomoka chini ya Sh100, na mwaka 2024 zikavuka Sh600. Aliyeuza kwa hofu alipata hasara. Aliyengoja alivuna, tena na gawio njiani. Lakini subira peke yake haitoshi: hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa mwaka 2017 kwa Sh850, na miaka kadhaa baadaye zilikuwa bado chini ya bei hiyo. Ndiyo maana asiyejua kusoma hesabu za kampuni aanze na vipande vya mifuko ya pamoja, ambamo fedha yake inatawanywa.

Katika mifuko ya UTT, mzazi ana Mfuko wa Watoto. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 55 ana Wekeza Maisha, mpango wa miaka 10 wenye bima ndani yake, ambao umewahi kupokea mchango wa Sh8,340 tu kwa mwezi.

Mstaafu anahitaji mapato kuliko ukuaji. Hatifungani za serikali hulipa riba kila miezi sita, na kianzio ni Sh1 milioni. Hatifungani ya kwanza ya miaka 25, mwaka 2021, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95: kila milioni iliahidiwa Sh159,500 kwa mwaka. Matoleo ya baadaye yameshuka na kupanda, hivyo mtu aulize riba ya toleo analonunua. Anayehitaji mtaji mapema anaweza kuuza hatifungani yake DSE, kwa bei ya siku hiyo.

Ng'ombe na kiwanja vibaki, ila visibebe kila kitu. Ukame, maradhi na wizi wa mifugo vinaweza kufuta akiba ya miaka kwa msimu mmoja.

Na haraka ni hatari kuliko ukame. Mwaka 2009 mchezo wa upatu wa DECI ulifungwa baada ya Watanzania wengi "kupanda mbegu" wakiahidiwa mavuno makubwa kwa muda mfupi. Leo ahadi hizo zinakuja kwenye makundi ya simu. Kabla ya kutuma shilingi, uliza leseni: ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) kwa hisa na mifuko, ya Benki Kuu kwa benki na wakopeshaji, ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa SACCOS. Asiyeweza kuionyesha asipewe fedha.

Hatua inayofuata ni ndogo, na vikundi vina uwezo nayo. Kabla ya Desemba, kila kikoba kikubaliane kwamba sehemu ya mgawo, hata moja ya kumi, isigawanywe mkononi bali iende moja kwa moja kwenye akaunti ya uwekezaji ya kila mwanachama, kwa jina lake. AMCOS na viongozi wa mialo waalike maofisa wa mifuko na benki siku za malipo, fedha ikiwa bado mezani. Elimu inayokuja baada ya fedha kuisha haimsaidii mtu.