Kisukari na Macho: Jicho Linapolilia Damu

Mgonjwa wa kisukari nyumbani huulizwa habari za sukari yake, miguu yake na chakula chake. Macho husahaulika, kwa kuwa hayaumi na bado anasoma gazeti bila shida. Hapo ndipo penye hatari.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, unaopokea picha ya kila tunachokiona. Utando huu unahitaji oksijeni nyingi mno. Sukari ikikaa juu kwa miaka, vishipa vinavyoulisha huharibika. Vingine huvuja, vingine huziba. Sehemu iliyokosa damu hutoa kichocheo cha kuotesha mishipa mipya. Daktari Isaac Michaelson alikisia jambo hili mwaka 1948, na mwaka 1994 watafiti wa Marekani walikikuta kichocheo hicho kwa wingi ndani ya macho ya wagonjwa wa kisukari.

Kichocheo chenyewe tunakihitaji, hata kidonda hukitumia kupona. Shida huja kikizidi jichoni muda mrefu. Mishipa inayoota huwa dhaifu, hupasuka, na damu humwagika ndani ya jicho. Mtu aliyelala akiona vizuri huamka akiona nyuzi nyeusi zinazoelea, au giza tupu. Baadaye makovu huivuta retina mpaka ikabanduka. Kichocheo hichohicho huvujisha maji katikati ya retina, nyuso za watu zikawa na ukungu. Wengi hudhani ni uzee, wakanunua miwani barabarani. Miwani haisaidii hapa.

Tiba ipo. Mwale wa leza huchoma sehemu zenye njaa ili zipunguze kutoa kichocheo. Ipo pia sindano ya jichoni (inatisha kuisikia, lakini jicho hutiwa ganzi kwanza) ya dawa kama bevacizumab, iliyoanza kutumika kwa saratani ya utumbo mpana. Nguvu yake huisha baada ya wiki kadhaa, hivyo hurudiwa. Uoni uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi wote.

Mwenye kisukari cha ukubwani apimwe retina mara anapogunduliwa, kisha kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Mwenye kisukari akishika mimba asingoje mwaka uishe. Kusoma herufi za ukutani hakutoshi. Uliza kama utatiwa matone ya kupanua mboni. Siku hiyo nenda na mtu wa kukushika mkono, maana utaona ukungu kwa saa kadhaa.