KUANIKA NGUO: KAZI NDOGO YENYE FAIDA NA HATARI ZAKE

Watu wengi hudhani ya kwamba kazi ya kufua hwisha nguo zinapokamuliwa, na kwamba kuanika ni jambo la kutupa tu nguo juu ya kamba, au juu ya ua, au hata juu ya majani, kisha kwenda zako. Lakini nguo iliyofuliwa vizuri na kuanikwa vibaya yaweza kuchakaa kabla ya wakati wake, kunuka uvundo, na hata kumtia mtoto ugonjwa. Kwa hiyo yafaa tueleze machache juu ya kazi hii, hasa kwa wenyeji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako nyumba nyingi zina uwanja au ua wa kuanikia.

Nguo hukaushwa na nini?

Nguo hukaushwa na hewa inayopita zaidi kuliko joto la jua peke yake. Hewa huyanywa maji yaliyomo katika nguo, na ikiisha kushiba haiwezi kunywa tena mpaka ije hewa nyingine mahali pake. Ndiyo sababu nguo iliyotundikwa mahali penye upepo hukauka upesi, hata siku ya mawingu, na nguo iliyokunjwa mara mbili juu ya kamba hubaki mbichi katikati ingawa jua ni kali.

Sisi watu wa pwani tuna shida moja: hewa yetu yatoka baharini, nayo ina unyevu tayari. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, mvua ni chache na nguo hukauka bila taabu. Kusi ikiingia, masika huja nayo, na mwezi wa Mei kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa. Miezi hiyo yataka mtu afue nguo kidogo kidogo kila siku iliyo na nafasi, wala asingoje zijae kapu zima. Maana kapu zima halitakauka siku moja, na nguo iliyolala na unyevu hufanya ukungu na madoa meusi ambayo ni vigumu sana kuyatoa.

Maji ya kisima na maji ya mfereji

Mombasa hupata maji ya mfereji kutoka mbali. Bomba la chemchemi za Mzima, lililokamilika mwaka 1957, lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo mitaa mingi ya bara haipati maji hayo kila siku, na watu hutegemea visima. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, nayo maji yake yana chokaa. Chokaa hushikana na sabuni ikafanya utando mweupe, na utando huo ukibaki katika nguo huifanya iwe ngumu na ya rangi ya majivu. Basi mwenye maji kidogo ya mfereji, au maji ya mvua aliyoyakinga, na ayaweke kwa kusuzia mara ya mwisho, naye atumie maji ya kisima kwa kufulia. Maji yaliyosalia yasiachwe wazi katika pipa au beseni, kwa kuwa mbu waenezao homa ya dengi na chikungunya huzaliana katika maji safi yaliyotulia. Mji wa Mombasa ulipatwa na dengi katika miaka 2013 na 2014, tena na chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017 mpaka 2018.

Kamba na mahali pake

Kamba njema ni ile isiyoshika kutu. Waya wa chuma huliwa upesi na hewa ya chumvi, na doa la kutu katika kanzu nyeupe halitoki kwa sabuni. Kamba ya usumba hufaa, na kamba ya nailoni hufaa pia, mradi ipanguswe kwa kitambaa kibichi kabla ya kuanika, maana vumbi na masizi huikalia. Wakaao Changamwe karibu na barabara kuu ya magari makubwa wanajua jambo hili vizuri.

Kamba ifungwe juu, futi sita au saba kutoka chini, na katikati itegemezwe kwa mti wenye panda ili uzito wa shuka usiilegeze. Isipitishwe juu ya njia ya watu, asije mtu akakatwa shingo usiku. Isifungwe chini ya mwembe wala mkanju, kwa kuwa utomvu wake hutia madoa, na kunguru nao hawakosi kuacha alama zao.

Lipo jambo jingine kubwa kuliko hayo. Kamba isifungwe kamwe kwenye nguzo ya umeme, wala isipite karibu na nyaya za umeme zilizovutwa kienyeji kutoka nyumba hata nyumba. Kamba ya waya ikigusa waya uliochubuka, au ikigusa bati la paa lililoguswa na waya kama huo, yote huwa na nguvu ya umeme. Na mtu mwenye mikono mibichi anayetundika nguo aweza kufa papo hapo. Mtu akinaswa, msimshike kwa mikono. Kwanza zimeni umeme. Ikiwa haiwezekani, simameni mahali pakavu mkamsukume kwa mti mkavu, kisha mwite msaada.

Jinsi ya kuanika

Kamua nguo vema, kisha uikung'ute kwa nguvu mara mbili tatu kabla ya kuitundika. Jambo hili huondoa makunyanzi na kupunguza kazi ya pasi. Shati litundikwe kwa upindo wa chini, si kwa mabega, ili vibanio visiache alama mahali panapoonekana. Suruali na kaptura zitundikwe kwa kiuno, mifuko ikiwa imegeuzwa nje. Kanzu ipitishwe mti mwembamba katika mikono yake miwili, nayo itakauka imenyoka. Leso na kikoi zishikwe kwa ukingo mmoja tu, zikiachwa zipeperuke, wala zisikunjwe katikati.

Nguo nyeupe huzidi kung'aa juani, lakini rangi za leso hufifia. Kwa ajili hiyo wengine huzianika kivulini. Nia ni njema, ila kivuli kina hatari yake, kama tutakavyoona sasa. Afadhali leso igeuzwe ndani nje, ianikwe juani penye upepo, na ianuliwe mara inapokauka. Kinachoharibu rangi hasa ni kuiacha nguo kavu juani mchana kutwa.

Inzi atagaye katika nguo

Katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara, pamoja na pwani yetu, yuko inzi wa rangi ya manjano na kahawia, mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani. Wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga, na watu wengine humwita inzi wa maembe. Inzi huyu haumi mtu. Jike hutafuta mchanga wenye kivuli uliochafuliwa kwa mkojo, au nguo mbichi iliyo kivulini, naye hutaga humo mayai yapata mia moja mpaka mia tatu kwa mara moja. Hupenda kuruka asubuhi na jioni, kwa maana huukimbia mwanga mkali.

Baada ya siku moja hata tatu mayai huanguliwa, na kutoka ndani yake hutoka buu mdogo asiyeonekana kwa urahisi. Buu huyo aweza kungoja katika nguo siku tisa, hata kumi na tano, bila chakula. Asikiapo joto la mwili huingia katika ngozi, mara nyingi bila mtu kuhisi kitu. Huko hukua kwa siku nane mpaka kumi na mbili, na pale alipo hutokea uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo katikati.

Fikirini sasa mama aliyejifungua majuzi. Amefua nepi za mtoto, akazitandaza juu ya majani chini ya mwembe ili zisichomwe na jua, akazikusanya jioni zikiwa na unyevu kidogo, na usiku akamvika mtoto. Baada ya siku chache mtoto halali, analia, na matako yake yamejaa majipu. Jirani mmoja atasema ni joto, wa pili atasema ni jicho la mtu. Kumbe ni mabuu, na mama hakuwa mvivu wala mchafu. Alikosa kujua jambo moja tu.

Kinga yake ni nyepesi. Kwanza, usianike nguo chini, wala juu ya majani, wala juu ya ua wa miti. Pili, anika juani, juu ya kamba, saa za mchana, mpaka nguo ikauke kabisa hata katika mishono. Tatu, piga pasi. Pasi ya makaa yafaa sawa na ya umeme, kwa kuwa joto lake huyaua mayai. Lakini ipitishwe pande zote mbili, na ikazwe zaidi penye mishono, mikanda na mapindo, ambako mayai hujificha. Nepi, fulana, nguo za ndani, shuka na taulo zisivaliwe wala zisitumiwe bila pasi. Asiye na pasi, ikiwa nguo yake ilianikwa mahali pa mashaka, na aiweke mbali na mwili zaidi ya majuma mawili kabla ya kuivaa.

Mtu akiisha kuingiwa, asimkamue buu kwa nguvu, maana aweza kupasuka ndani na kuleta usaha. Tundu likipakwa mafuta mazito ya kujipaka, buu hukosa hewa akajitokeza, na hapo hutolewa polepole. Lakini kwa mtoto mchanga, au uvimbe ukiwa mwingi, ni bora kwenda zahanati. Mbwa pia hupatwa sana na mabuu hao. Basi wasiachwe kulala chini ya kamba ya nguo.

Kamba moja, wapangaji wengi

Mwisho, tusisahau ujirani. Katika nyumba zetu za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ua wa nyuma huwa mmoja na kamba huwa moja. Ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo. Yafaa watu wapatane siku za kufua, na kila mtu awe na vibanio vyake. Asiisukume nguo ya mwenziwe ikiwa mbichi ili apate nafasi. Nguo za ndani zianikwe nyuma ya shuka, kwa ajili ya stara. Na mvua inyeshapo ghafula hali jirani yuko sokoni au amekwama kwenye feri ya Likoni, yeyote aliye nyumbani na aanue nguo zote, zake na za wengine, azikunje na kuziweka barazani. Anuaye leo ataanuliwa kesho.

Hakuna katika haya lililo gumu, wala linalohitaji fedha nyingi: kamba iliyofungwa juu, jua, upepo, na pasi iliyo moto. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Na hatari hii ndogo iliyo katika nepi ya mtoto ni ile ambayo kila nyumba yaweza kuizuia.