Mgahawa wa nje siku ya gulio: angalia nini kabla ya kuagiza?

Msikilizaji, siku ya gulio ukishuka kwenye gari na njaa yako, mgahawa wenye viti vya nje ndio unaovuta. Kuna kivuli, upepo unapita, na harufu ya mishikaki inakufikia kabla hujaliona jiko. Je, utajuaje kama chakula cha mahali usipopazoea ni salama?

Wiki hii nilijaribu mgahawa mmoja wa mtaani kwetu ulioanza kupanga meza chini ya mwembe. Niliagiza wali, maharage na mchicha. Faida ya kukaa nje niliiona mapema: jiko liko mbele yako, unaona kila kinachofanyika. Hasara yake ni vumbi na nzi, hivyo chakula kisichofunikwa kikupe shaka.

Maji ya kunawa

Ndoo yenye koki ni bora kuliko beseni. Kwenye beseni, wa kumi ananawa uchafu wa tisa waliomtangulia. Sabuni nayo iwepo, kwa kuwa wengi tunakula kwa mkono.

Moto

Vijidudu huzaliana haraka kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Ndiyo maana chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa bila moto zaidi ya saa 2. Wali ni wa kuangaliwa zaidi: ukipoa na kukaa muda mrefu, unaweza kupata sumu ya vijidudu ambayo haiishi hata ukipashwa moto, na huenda usisikie harufu yoyote mbaya. Chagua kinachotoa mvuke. Kama huoni mvuke, uliza kwa heshima: "Shikamoo mama, kuna cha motoni?" Mpishi mzuri hakasiriki kuulizwa.

Kisu na kachumbari

Kisu kilichokata nyama mbichi kisikate nyanya kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Kachumbari haipiti motoni, hivyo usalama wake unategemea maji na mikono iliyoiandaa. Ukiwa na mashaka, iache. Mishikaki nayo iive mpaka ndani. Ukiona damu, irudishe jikoni.

Kwa nini tunasisitiza?

Kipindupindu huenea kwa maji na chakula chenye kinyesi cha mgonjwa. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi ya Tanzania. Dalili huanza saa chache hadi siku 5 baada ya kula: kuharisha majimaji mengi yanayofanana na maji ya mchele, pengine na kutapika. Mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kupungukiwa maji.

Ikitokea, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Njiani apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hakuna, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha.

Ukiona mgahawa wenye hali mbaya, mwarifu afisa afya wa kata. Ukikuta msafi, mwambie na jirani: mama lishe anayejitahidi naye anastahili wateja.