DARAJANI, MAHALI PASIPO NA DARAJA

Askari aliyekulia vilimani na kufanya kazi Kanombe haoni bahari mara nyingi. Kwa hiyo meli yetu ilipotia nanga Unguja saa 3 asubuhi, nasi abiria tukaagizwa kurejea kabla ya saa 11 jioni, niliazimia kutopoteza hata dakika moja.

Nilipita mbele ya Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwashinda Wareno mwishoni mwa karne ya 17, nikaingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe na milango yake ya nakshi. Hatimaye nikatokea kwenye Soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904. Nililitafuta daraja, nisilione.

“Shikamoo, mzee. Daraja liko wapi?” nilimwuliza muuza viungo mmoja.

“Marahaba, mwanangu. Hapo uliposimama palikuwa maji.”

Kumbe zamani mkono wa bahari ulipenya hapo, na maji yalipojaa Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa. Upande mmoja yalikuwa majumba ya mawe ya watawala na matajiri; upande wa pili, vibanda vya udongo vya watumwa walioachwa huru, wachukuzi na vibarua. Upande huo uliitwa Ng’ambo. Katika karne ya 20 maji yalifukiwa hatua kwa hatua. Leo magari hupita palipopita mitumbwi, lakini majina yamebaki.

Utengano nao ulibaki. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Serikali mpya iliwaachisha kazi polisi wengi wenye asili ya Bara, na baadhi yao wakajiunga na wapinzani wake. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 waasi waliivamia ghala ya silaha ya polisi huko Ziwani. Kabla ya siku kwisha serikali ilikuwa imeanguka, na damu ya raia wengi, hasa Waarabu, ikamwagika.

Nilikumbuka kwetu. Rwanda haikuwa na mkono wa bahari wa kutenga jirani na jirani. Watu walichota maji kisima kimoja na kusema lugha moja. Hata hivyo, mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, jirani alimwua jirani, na miongoni mwa wauaji walikuwamo watu waliovaa sare. Kwenye vizuizi vya barabarani, kitambulisho chenye neno moja la kabila kilitosha kumhukumu mtu kifo.

Ndugu askari, ndugu polisi, bahari hufukiwa kwa mawe na udongo, kazi ikaisha. Utengano wa watu hufukiwa kwa haki, kila siku. Unapomsimamisha raia barabarani, mwulize aendako na mzigo alioubeba. Usimwulize ukoo wake.

Saa 10 na nusu nilikuwa bandarini, mfukoni nimebeba karafuu za yule mzee. Alikataa kupokea fedha yangu.