Teatre siku za baridi

Masomo yamefungwa, na mwezi wa saba kule Lubumbashi baridi ya kipwa inakamata watu mpaka wanakaa karibu na mbabula. Watoto watafanya nini siku hizi zote?

Wengi wanafikiri teatre inaomba nyumba kubwa. Lubumbashi ilijengewa moja miaka ya 1950, kazi ya Mbelgiji Claude Strebelle. Baadaye ikageuzwa nyumba ya wajumbe wa jimbo! Lakini kikundi cha Mufwankolo hakikunyamaza. Kilicheza katika Kiswahili cha mji, ile tunasemaka nyumbani. Hawakuwa na maandiko ya kushika kwa kichwa: walipatana juu ya hadithi, wakagawana kazi, huyu sultani, yule bibi yake, na kila mtu akatafuta maneno yake mwenyewe. Mwaka 1986 walikamata mezali moja, kwamba mamlaka inaliwa nzima, wakaenda kuicheza katika kijiji cha Kawama kwa ajili ya televisheni. Profesa Johannes Fabian alikuwa nao, na kitabu chake kilitoka 1990.

Basi wazazi, kiwanja cha nyumba na mkeka vinatosha. Ombeni bibi awape mezali moja, muwaachie vijana siku tatu. Mcheze saa kumi, mbele baridi haijashuka. Wale wa milima ya Marungu wananielewa. Katika mchezo kijana anasema yale hawezi kumwambia baba uso kwa uso: franga ya masomo, pombe. Baba asikasirike. Halafu mubadilishane: kijana acheze baba, baba acheze kijana. Hapo wengine wanaona haya, lakini muendelee tu.