Kwa nini vijiji jirani hupanga ardhi kwa pamoja

MVUA zinapoanza kunyesha, nyumbu na pundamilia wa Hifadhi ya Taifa Tarangire huondoka kandokando ya Mto Tarangire. Wengi huelekea nyanda za Simanjiro, ambako nyumbu huzaa na kupata nyasi zenye madini ya fosforasi yanayohitajiwa na majike wanaonyonyesha. Wengine hupita katika ushoroba wa Kwakuchinja kuelekea Ziwa Manyara. Kiangazi kinapofika, hurejea mtoni.

Sehemu kubwa ya njia hizo iko nje ya hifadhi, katika ardhi ya vijiji, ambako wafugaji nao huhamisha ng'ombe kufuata malisho na maji. Ndiyo maana mpango wa kijiji kimoja hautoshi. Kijiji kikitenga eneo la malisho, na kijiji jirani kikagawa mashamba katika mwendelezo wa eneo hilo hilo, njia huzibwa. Tembo huishia mashambani, na mifugo hukosa pa kupita.

Athari hizo huongezeka wakati wa ukame. Mvua zisipotabirika, kinga kubwa ya mfugaji ni uwezo wa kuhamia palipo na maji, na wanyamapori hutegemea uwezo huo huo. Kwa hiyo, kulinda mapito ni hatua ya uhifadhi na pia ni hatua ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi.

Sheria inatoa nafasi kwa jambo hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu vijiji kuingia makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa upangaji. Kwa upande wa shoroba, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inampa Waziri mamlaka ya kuzitenga kwa kushauriana na serikali za mitaa husika.

Mfano wa upangaji wa pamoja unapatikana wilayani Kiteto, mkoani Manyara. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kutenga eneo moja la malisho linalovuka mipaka yao, nalo likaitwa OLENGAPA, jina lililoundwa kutokana na majina ya vijiji hivyo.

Makubaliano ya namna hiyo yana gharama. Eneo likishatengwa kwa malisho au mapito, anayetaka kufungua shamba humo hana tena nafasi hiyo, na sheria ndogo za kijiji humbana. Kwa sababu hiyo, Halmashauri ya Kijiji huandaa mpango, lakini uamuzi wa kuuidhinisha ni wa Mkutano wa Kijiji, unaojumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea.

Mwananchi anashauriwa kufika ofisi ya kijiji kuuliza iwapo mpango upo, kuangalia ramani yake na kutambua shamba au malisho yake yameangukia eneo gani. Mwenye hoja anapaswa kuitoa mkutanoni kabla ya mpango kuidhinishwa, kwa kuwa baada ya hapo mpango huo huongoza matumizi ya ardhi ya wote, waliohudhuria na wasiohudhuria.