Wasiwasi wa Maskini na Kemia ya Ubongo: Kazi ya Johannes Haushofer

Sisi wachungaji tumezoea kumwambia mtu aliyelemewa na madeni kwamba wasiwasi wake ni upungufu wa imani, kisha tunamfungulia Mathayo 6:25–34. Yafaa basi tuifahamu kazi ya msomi aliyeutafuta wasiwasi huo katika mate ya wanakijiji.

Johannes Haushofer, mzaliwa wa Ujerumani, alisoma Oxford, akapata shahada ya uzamivu ya biolojia ya neva huko Harvard, na kisha ya pili, ya uchumi, huko Zurich. Baadaye alifundisha Princeton na Stockholm. Swali lake ni hili: je, umaskini huuingia mwili, na ukiisha kuingia, humfanya mtu aamue vibaya juu ya mali yake? Mwaka 2014, yeye na mchumi Ernst Fehr waliandika katika jarida la Science kwamba umaskini huzaa msongo na huzuni, na hali hizo humfanya mtu apende faida ndogo ya leo kuliko kubwa ya kesho. Hivyo umaskini hujiendeleza wenyewe.

Kortisoli ni homoni itolewayo na tezi zilizo juu ya figo wakati ubongo unapohisi tishio. Kwa kuwa huonekana katika mate, yaweza kupimwa kijijini pasipo sindano. Huko Kenya, Haushofer na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba mvua ikipungua, kortisoli ya wakulima maskini hupanda. Hapa Bulyaga mvua tunayo. Mwenye chai au ndizi hukosa usingizi kwa sababu ya bei.

Utafiti wake mashuhuri, uliochapishwa mwaka 2016 pamoja na Jeremy Shapiro, ulifanyika Rarieda, kando ya Ziwa Viktoria. Shirika la GiveDirectly lilizitumia kaya maskini fedha kwa simu bila sharti lolote. Kura iliamua kama apokee mume au mke, kwa mkupuo au kila mwezi. Miezi tisa baadaye, matumizi ya kaya kwa mwezi yalikuwa dola 193, ikilinganishwa na 158 kwa wasiopewa, kwa kipimo cha uwezo wa kununua. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Watu walikuwa na furaha zaidi. Lakini kortisoli, kwa ujumla, haikubadilika, isipokuwa tofauti katika baadhi ya makundi. Kwa mtu aliyejenga taaluma yake juu ya homoni, kuyaandika hayo waziwazi si jambo dogo.

Tena, mwaka 2015 walieleza kwamba jirani akitajirika, wasiopata hupungukiwa na uradhi wa maisha, ingawa hali hiyo hufifia kwa muda. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, alihesabu fedha, hali njema ya hewa na majirani wema kuwa sehemu ya mkate wa kila siku.

Kamati ya diakonia inayogawa unga na blanketi kwa kuhofu kwamba fedha zitanywewa inalo jambo la kujadili. Nayo ijadili pia, kabla ya kugawa chochote, habari za yule wa nyumba ya pili ambaye jina lake halimo katika orodha.